Miaka Mitatu Ambayo Nyumbani Hawakuiona: Namna ya Kumkumbuka Rafiki wa Chuo

Rafiki wa chuo akifariki, mtafika msibani mkiwa mmevimba macho kwa kulia, na pale nyumbani hakuna anayewajua. Shangazi wataulizana pembeni, "Hawa nao ni wa wapi?" Majirani watadhani ni watu wa kwaya. Mama mzazi atawapa mkono na kusema asante, lakini majina yenu hayajui, na hata angeyajua, leo si siku ya kuyakumbuka.

Hilo lisiwavunje moyo. Nyumbani wana utoto wake wote, wana meno yake ya kwanza na cheti chake cha ubatizo. Ambacho hawana ni ile miaka mitatu ya chuo. Miaka hiyo mnayo ninyi, na imetawanyika: picha ziko kwenye simu ya mtu aliyepangiwa kazi Mafinga, visa viko kichwani mwa mwingine aliyeko Chunya, na sauti yake imo kwenye grupu ambalo nusu ya watu wameshajitoa. Nikisema kumkumbuka hapa nina maana ya kuikusanya miaka hiyo na kuifikisha kwao. Nimeandika nilivyofanya mimi na wenzangu wawili, pamoja na tulipoharibu.

Kidogo kumhusu, maana bila hili mengine hayataeleweka. Alitoka kijijini, mbele kidogo ya Tukuyu. Mimi ni wa Iringa, lakini muhula wa kwanza nilikosa kitanda hosteli, akanibeba. Aliyesoma chuo anajua kubebwa ni nini: kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, watu wawili, na mlinzi akipita mmoja anaingia uvunguni. Kila akitoka likizo alirudi na mkungu wa ndizi, parachichi kwenye kiroba na maharage ya kutosha bweni zima. Konda akifungua buti pale Ipogolo, Iringa tulikosoma, alikuwa anapiga kelele, "Mzigo huu wa nani?" Jina likamganda hapo hapo. Tulimwita Mzigo hadi tunamaliza.

Hatua ya kwanza: hakikisheni, kisha gaweni kazi

Kabla ya kuweka picha yenye mshumaa kwenye statasi, mpigie mtu wa familia. Si ujumbe, piga simu. Sisi hatukufanya hivyo. Mmoja wetu alipost saa tano usiku, na dada wa marehemu aliyekuwa Dar es Salaam akajua kwa kuona statasi ya mtu asiyemfahamu. Mpaka leo nikikutana na huyo dada naanza kwa kuomba radhi.

Grupu likishajaa "RIP", chagueni watu watatu tu: wa kupokea pesa, wa kuzungumza na familia, na wa kusafiri kwa niaba ya wasioweza. Mkiwaacha watu arobaini wampigie baba wa marehemu simu arobaini, mtakuwa mmemwongezea msiba.

Kuhusu pesa niwe wazi, maana hapa ndipo urafiki hufia. Ichangwe kwenye namba moja iliyosajiliwa kwa jina la mhazini mwenyewe. Kila jioni aweke orodha ya waliotoa. Wanaotuma wakumbushwe kuweka na ya kutolea, la sivyo makato yanamla mhazini. Asiyekuwa nacho asisukumwe. Wapo waliomaliza chuo miaka minne iliyopita na bado wanasubiri ajira.

Hatua ya pili: kufika, na kukaa kama watu

Kwa mnaotoka Iringa, Mafinga au Makambako kwenda upande wa Rungwe, hamna haja ya kuingia Mbeya mjini. Shukeni Uyole, ndipo barabara ya Tukuyu na Kyela inapochepuka, mpande Kosta hapo. Bebeni sweta hata kama Iringa mmeacha jua: pale Isyonje, njiani kwenda Tukuyu, ukungu unaweza kuwapokea saa nane mchana. Wanawake wabebe kanga mbili, ya kujifunga na ya kujitanda.

Mkifika, tafuteni nani anasimamia msiba. Mara nyingi ni baba mdogo au mjomba, yule mwenye daftari mkononi na kalamu nyuma ya sikio. Salimieni, jitambulisheni kwa sentensi moja, "Shikamoo mzee, poleni sana, sisi ni wenzake wa chuo." Mkabidhini bahasha ikiwa na orodha ya majina ndani. Msimpe mama pesa mkononi. Kwanza hazitafika zilikokusudiwa, pili ana mengi ya kushika siku hiyo.

Kisha ombeni kazi. Wanaume wataoneshwa penye kuni na moto. Wanawake mtapelekwa kwenye ndizi. Usione haya kama hujui kumenya ndizi mbichi. Jipake mafuta ya kula viganjani kwanza, maana ule utomvu ukikauka mikono inabaki myeusi wiki nzima. Mimi sikujua. Bibi mmoja alinitazama mikono, akacheka, akanipa chupa ya mafuta akauliza, "Wewe ni Mhehe, eti?" Baada ya hapo nilikuwa mtu wa pale. Ile saa moja ya kumenya ndizi ilinitambulisha kuliko bahasha.

Hatua ya tatu: salamu za wenzake wa chuo

Wasifu wa marehemu husomwa na familia, msiuguse. Ninyi ombeni nafasi ya salamu, na mkipewa, dakika tatu zinatosha. Pale makaburini kuna wachungaji, kuna serikali ya kijiji, kuna kwaya, na mawingu yanashuka kutoka mlimani.

Andikeni kwenye karatasi. Mtu anayejua kuongea darasani hushindwa kuongea mbele ya jeneza. Kisha, hili ndilo kubwa, mpeni mtu mmoja wa familia asome kabla. Mimi sikumpa mtu. Nilisimama nikaanza, "Sisi chuoni tulimwita Mzigo," nikitegemea watu watabasamu. Hakuna aliyetabasamu. Nilimwona mama yake ameinua uso kutoka kwenye bega la dada yake na kunitazama. Binti aliyemzaa, akamsomesha kwa kuuza ndizi pale Kiwira sokoni, wanamwita mzigo? Nilimaliza kusoma nikiwa sijisikii miguu.

Kwa hiyo kabla ya kusoma pitisheni kalamu kwenye mambo haya. Majina ya utani, kama hayajaelezwa. Sapu, yaani mitihani ya marudio, na kurudia mwaka, kama nyumbani hawakuambiwa. Mpenzi. Dini, kama alibadilisha kimya kimya. Na utani wa makabila, ambao kwetu sisi ni wa kawaida lakini unahitaji mtani anayejua mipaka. Si kwamba mambo haya ni aibu. Ni kwamba yeye mwenyewe alichagua nani ayajue, na uchaguzi huo haujafa naye.

Hatua ya nne: okoeni sauti na picha mapema

Hii ifanyike ndani ya miezi miwili ya kwanza. Simu zinaibiwa, zinadondoka kwenye maji, zinauzwa.

WhatsApp hufuta akaunti isiyotumika kwa muda wa siku 120 hivi. Mazungumzo yaliyomo kwenye simu yako hayafutiki kwa sababu hiyo, lakini picha yake ya wasifu itatoweka. Ihifadhi leo. Laini nayo isipotumika muda mrefu hupewa mteja mwingine. Waambieni wenzenu mapema ili siku namba yake ikionekana na sura ya kijana wa mahali pengine wasizimie.

Fungua mazungumzo yenu, gusa vidoti vitatu, nenda kwenye Zaidi, utakuta sehemu ya kutoa nakala ya mazungumzo yote. Ukichagua pamoja na picha na sauti, itakupa jumbe 10,000 za mwisho. Bila hizo inafika 40,000. Jitumie kwenye barua pepe. Sauti zina majina ya ajabu ajabu ya tarakimu, hivyo zipe majina ya Kiswahili siku hiyo hiyo: "anacheka kuhusu desa", "ananiagiza mkaa". Nimepitia mia mbili na kitu, na niliyoihifadhi kwa nguvu zote ina sekunde kumi na moja tu. Anasema, "We, ukipita Miyomboni niletee vocha na nyanya za mia tano, halafu usilale njiani." Nyuma yake inasikika redio ya chumba cha jirani.

Wekeni nakala mahali patatu: simu, flashi, na akaunti ya mtu mwingine. Picha zilizo nzuri zisafishwe studio kwenye karatasi. Mama wa kijijini hatafungua kiungo mlichomtumia.

Je, mama asikilizishwe sauti? Muulizeni kwanza, tena kupitia mtu wa karibu naye. Wapo wanaotaka siku ya pili, wapo wasiotaka kamwe. Mama yetu alikataa mwaka mzima.

Ukurasa wa Facebook unaweza kugeuzwa kuwa wa kumbukumbu mtu akituma uthibitisho wa kifo. Hilo waachieni familia waamue. Nenosiri lake kama mnalijua, msilitumie.

Hatua ya tano: kaunta buku

Nunueni kaunta buku moja nene, lile la "quire" tatu. Lizungushwe kwa mkono na mabasi, kila rafiki aandike tukio moja tu. Si sifa. Sifa zinafanana kwa marehemu wote: alikuwa mcheshi, alipenda watu, mchapakazi. Ukisoma za watu ishirini humwoni mtu hata mmoja. Kila anayeandika ajibu haya: ilikuwa lini, wapi, alikuwepo nani, alivaa nini, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe.

Nawapa ukurasa wangu kama mfano. "Mwaka wa pili, Jumapili, bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, limechelewa wiki tatu. Chumbani kuna maharage na chumvi. Akasema leo hatukai humu kuangaliana, twende Gangilonga. Tukapanda lile jiwe, amevaa ile sketi ya kijani aliyoshona mama yake. Juu akafungua kontena: ndizi za kuchemsha, baridi, za jana. Tukala tukiangalia mabati ya mji. Nikamwambia watu wanasema hili jiwe linaongea. Akaweka sikio, akakaa kimya kabisa, halafu akasema: Linauliza bumu linatoka lini."

Atakayesoma hapo amemwona. Mama alipofika kwenye ile sketi ya kijani aliingia ndani akatoka nayo.

Kusanyeni na madeni pia, ingawa hayaandikwi kwenye buku. Kuna aliyemkopesha, na kuna aliyekopa kwake. Waliokopa kwake walipe kwa familia, kimya, kupitia yule baba mdogo. Waliomkopesha, elfu ishirini za chuoni ni za kusamehe. Kama ni kubwa kweli, apelekewe mzee mmoja kwa adabu, si kwa mama.

Hatua ya sita: ziara

Mazishi yana watu mia tatu. Baada ya mwezi mmoja nyumba inabaki na watu wawili. Hapo ndipo mnahitajika.

Chagueni kati ya Juni na Agosti. Ni baridi, ndiyo, lakini barabara za vijijini Rungwe zinapitika. Machi hadi Mei mvua ya kule haina mzaha, bodaboda yenyewe inabebwa. Toeni taarifa mapema. Nendeni watatu au wanne. Wageni ishirini ni gharama: watataka kuwapikia, na watakopa ili wawapikie. Bebeni mchele, sukari, sabuni na majani ya chai.

Mkifika pumzikeni kwanza. Kaburini mtapelekwa, msijipeleke. Palilieni, wekeni maua, semeni mlichonacho. Kama mna wazo la kulijengea, lisemeni baadaye ndani, kama swali. Udongo lazima ukae. Kaburi likijengewa vigae kabla ya kupitiwa na msimu mzima wa mvua, linadidimia na kupasuka. Na jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha kifo. Fundi wetu aliandika kwa jina la vyeti vya shule tulilompa sisi, na nyumbani wanatumia lingine. Tulilipia kibao mara mbili.

Ni katika ziara ya kwanza nilipopata nafasi ya kueleza lile jina. Tulikuwa jikoni, mama anachochea moto, mimi nimeshika sahani. Nikasema, "Mama, lile jina nililosema siku ile, naomba nikueleze." Nikamweleza mkungu, kiroba, konda na bweni zima lililokuwa linashiba. Nikamweleza kile kitanda na ule muhula nilioishi bila chumba. Nikamwambia, "Kusema kweli mama, mzigo nilikuwa mimi. Yeye ndiye alinibeba." Alikaa kimya, akageuza kuni. Halafu akasema, "Kumbe zile ndizi zilikuwa zinafika." Alikuwa akidhani binti yake anaziuza njiani apate nauli.

Hatua ya saba: kitu cha kubaki

Kila grupu lina mtu atakayesema, "Tuanzishe taasisi kwa jina lake." Mpeni pole na mumzuie. Taasisi inataka katiba, usajili, akaunti na taarifa za kila mwaka, na ninyi mnashindwa hata kukutana Mwanjelwa, pale Mbeya, wote kwa siku moja. Fanyeni kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukifanya wengine wakichoka.

Sisi tulimsaidia mdogo wake aliyekuwa sekondari. Ada ya shule za serikali iliondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, na cha tano na sita 2022, kwa hiyo msichangie "ada" kwa mazoea. Ulizeni kinachopungua hasa: sare, godoro, madaftari, mchango wa chakula, nauli. Mlipe hicho, mwachieni mzazi heshima ya kulipa mengine.

Au pandeni mti. Rungwe na Njombe mparachichi wa kupandikiza unafaa sana, na kama hali ni nzuri miaka mitatu minne unaanza kuzaa. Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 60, lichanganywe samadi iliyooza, mche upandwe mvua zikianza. Kwa mliko Makete au sehemu za Mufindi zenye baridi kali, sakitu huua miche, hivyo ifunikeni nyasi au mchague mti mwingine. Msipande mkaratusi karibu na nyumba ya mtu wala chanzo cha maji. Na shamba si lenu: muulizeni mwenye shamba wapi, na mkubali jibu.

Baadaye

Wekeni siku moja kwenye kalenda ya simu ya kumpigia mama, isiwe tarehe ya kifo, maana tarehe hiyo kila mtu anapiga. Sisi ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Dakika tano: mvua, mbuzi, mguu unaomsumbua. Wenzenu wengine watapotea taratibu. Msiwasute kwenye grupu. Na kama wewe mwenyewe wiki zinapita hulali, huli, hufanyi kazi, usijifungie na zile sauti usiku. Nenda hospitali, au kwa mchungaji au shehe unayemwamini, ukaseme.

Mwaka wa tatu mama ndiye aliyepiga. Akauliza tunakuja wangapi. Asubuhi ya kuondoka tulikuta mikungu mitatu imefungwa kwa kamba ya mgomba, mmoja mmoja kwa kila mtu, na juu ya kila mkungu kiroba cha parachichi. Tukasema mama, hii ni mingi. Akasema, "Yeye alikuwa anabeba peke yake."

Uyole konda wa basi la Iringa akafungua buti, akaushika mkungu wa kwanza kwenye shina. "Mzigo huu wa nani?"

Tukashindwa kujibu, wote watatu, mpaka akaurudisha chini. Kisha akatutoza elfu sita. Gharama hii huwa inasahaulika kwenye bajeti, kwa hiyo mhazini aiweke kabisa, chini ya nauli.